Sura ya Saba: Wanaokula Baada Yetu

Mwaka 1972 The Lancet, jarida la madaktari la Uingereza, lilichapisha jedwali ambalo halifai kusomwa mezani. Watafiti watatu, Denis Burkitt, Alec Walker na Neil Painter, walikuwa wamepima kinyesi cha watu. Wanakijiji wa Uganda walikuwa na wastani wa gramu 470 kwa siku. Watu wa jeshi la wanamaji la Uingereza walikuwa na 104. Watafiti waliwamezesha pia vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, wakahesabu saa mpaka vitoke. Kwa Waganda hao ilichukua saa 36 hivi. Kwa wanamaji ilichukua 83, yaani chakula cha Jumatatu asubuhi kinaaga Alhamisi jioni.

Burkitt aliifahamu Uganda vizuri. Daktari huyu wa upasuaji, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland ya Kaskazini, alipoteza jicho moja akiwa mtoto, lakini macho mawili yasingemwonesha zaidi ya aliyoyaona. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Kampala na kufanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakatembea maili 10,000, kutoka Kampala kushuka kusini, wakipita hospitali hadi hospitali na kuuliza kila mahali: ugonjwa huu mnauona hapa?

Swali lile lile aliligeuza baadaye. Aliwauliza madaktari wa hospitali za misheni kuhusu kidole tumbo, bawasiri, vijiwe vya nyongo na saratani ya utumbo mpana. Majibu yalifanana: mara chache, au hatujawahi kuuona. Magonjwa yaliyojaza wodi za London yalikuwa kama hayajapata habari za njia ya kuja Afrika Mashariki.

Mulago kulikuwa na mtu mwingine aliyekwisha kuliona jambo hili. Hugh Trowell alitibu wagonjwa wa Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Sifa yake kubwa ilitokana na utapiamlo: yeye na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya kwashakoo mwaka 1954. Lakini alikuwa na tabia ya kuandika pia magonjwa asiyoyaona. Mwaka 1956 alishiriki kuchapisha taarifa ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu enzi hizo mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari. Mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na unene ulikuwa miongoni mwa mambo aliyosema ni adimu. Aliporudi kutembea Afrika Mashariki mwaka 1970 alikuta mijini watu wanene na kliniki za kisukari. Miaka kumi tu ilikuwa imepita.

Wazee hawa wawili walikubaliana juu ya mshukiwa: chakula kilichokobolewa. Unga mweupe, sukari na mchele uliosuguliwa vilikuwa vimeondolewa nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Mwaka 1975 walitoa pamoja kitabu juu ya hoja hiyo, na Burkitt akazunguka dunia akihubiri maharage na pumba kwa bidii ya Mprotestanti mcha Mungu aliyekuwa. Alipenda kusema kwamba nchi ambayo watu wake hutoa kinyesi kidogo hulazimika kujenga hospitali kubwa.

Walikuwa na nusu ya jibu. Kwa miaka mingi nyuzinyuzi zilihesabiwa kuwa makapi tu, mzigo unaovuta maji na kusukuma utumbo. Ilipofika mwaka 1980, Alison Stephen na John Cummings, wakiwa Cambridge, walikichambua kinyesi tabaka kwa tabaka. Wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu, asilimia 55 kwa watu waliowapima, ni bakteria. Sasa rudi kwenye zile gramu 470. Ukiacha maji, huenda sehemu kubwa ya tofauti kati ya mwanakijiji wa Uganda na mwanamaji wa Kiingereza haikuwa maganda na makapi. Ilikuwa viumbe hai. Burkitt alikuwa amewaweka kwenye mizani bila kuwajua.

Mtu mzima anabeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, karibu wote wakiishi kwenye utumbo mpana. Wanakula baada yetu. Chapati, sukari na mafuta ya kukaangia humalizika katika utumbo mwembamba, na chini hakifiki kitu cha maana. Maharage, mboga za majani kama dodo na nakati, ulezi na ganda la njugu hupita vikiwa bado na mali ndani yake, na huko chini bakteria huvichachusha. Uchachushaji huo hutoa asidi ndogo za mafuta. Moja, asidi ya butiriki, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Nyingine huingia kwenye damu, na pia huziamsha seli za utumbo zitoe homoni zinazouambia ubongo kwamba tumeshiba. Pakikosekana nyuzinyuzi bakteria hawafungi virago. Katika majaribio ya panya wamegeuka kuutafuna ute unaoulinda ukuta wa utumbo, kama ng'ombe aliyekosa majani akaanza kula nyasi za paa.

Hapo ndipo msomaji makini atainua mkono. Kama bakteria wanakamua nishati kutoka kwenye makapi, je, si mwenye bakteria wengi ndiye angenenepa?

Ndivyo ilivyoonekana mwanzoni. Mwaka 2004, katika maabara ya Jeffrey Gordon huko St. Louis, Marekani, panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja walipewa bakteria wa panya wa kawaida. Katika siku 14 mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa asilimia 60, ingawa walikula chakula kidogo kuliko awali. Miaka miwili baadaye maabara hiyo hiyo ilionesha kwamba bakteria wa panya mnene humnenepesha panya mwingine kuliko bakteria wa panya mwembamba. Magazeti yalishangilia. Ikazuka hesabu ya makundi mawili makubwa ya bakteria ambayo eti ingepima unene wa mtu. Tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja, hesabu hiyo ikaporomoka. Bado inauzwa kwenye matangazo ya vidonge.

Jaribio ninaloliheshimu zaidi ni la mwaka 2013, pia la maabara ya Gordon. Walichukua bakteria kutoka kwa mapacha wa binadamu, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapa panya. Panya waliopewa bakteria wa pacha mnene walinenepa zaidi. Halafu wakawachanganya panya hao katika tundu moja, na kwa kuwa panya hula vinyesi vya wenzao, bakteria wa wembamba wakahamia kwa wanene na kuwazuia wasiendelee kunenepa. Lakini hilo lilitokea tu panya walipokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Walipopewa chakula cha mafuta mengi na mboga haba, bakteria wema walishindwa kukaa. Hawakukosa mlango wa kuingilia, walikosa chakula.

Kwa watoto wa binadamu ushahidi ni mchache, na unaelekea huko huko. Auckland, New Zealand, vijana 87 wenye unene uliokithiri, wa umri wa miaka 14 hadi 18, waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi walimezeshwa vidonge vyenye bakteria kutoka kwenye vinyesi vya vijana wembamba wenye afya, wengine vidonge bandia. Uzito wao kulingana na kimo haukutofautiana. Mafuta ya tumboni yalipungua kiasi ukilinganisha na ya nyonga, basi. Upande wa pili, Calgary, Kanada, mwaka 2017, watoto wa miaka 7 hadi 12 waliokuwa na uzito uliozidi walipewa gramu 8 za nyuzinyuzi ya unga kila siku kwa wiki 16. Waliopewa walipata nafuu ya uzito kuliko waliopewa unga bandia, na bakteria wa jamii ya Bifidobacterium wakaongezeka tumboni mwao. Watoto hao walikuwa 42 tu, kwa hiyo tusipige vigelegele. Ila angalia mtiririko: kuwahamisha bakteria hakukusaidia uzito, kuwalisha kulisaidia kidogo.

Na wale wanakijiji wa Burkitt, kwa nini hawakunenepa? Bakteria wao walikamua walichokamua, lakini sahani yenyewe ilikuwa imejaa chakula kinachoshibisha kabla ya nishati kuzidi, na siku nzima ilikuwa ya jembe, maji na kutembea. Atakayekuambia bakteria peke yao ndio waliowafanya wawe wembamba anakuuzia kitu.

Tunajua sasa jinsi matumbo ya namna hiyo yalivyo kwa ndani, kwa sababu jirani zetu wamepimwa. Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, wamechunguzwa mara kadhaa. Utafiti wa mwaka 2017 ulitumia sampuli 350 kutoka kwa watu 188 na ukakuta jambo la ajabu: baadhi ya bakteria wao hupungua mpaka wasionekane msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda, kisha hurudi kiangazi. Na bakteria wanaofuata majira kwa Wahadza ndio hao hao ambao kwa wakazi wa nchi za viwanda ni adimu au hawapo kabisa. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wakiwemo wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Huko mjini tumbo halifanani na la Mwingereza wala na la kijijini. Liko njiani.

Kampala nayo iko njiani, na anayesafiri kwa kasi kuliko wote ni mtoto.

Huanza vizuri. Kwa utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016, asilimia 66 ya watoto wa Uganda walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazikioti. Maziwa hayo yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zipo kwa ajili ya bakteria wake. Mama wa Bwaise asiye na kitu humpa mwanawe kilicho bora kuliko kopo lolote la duka la Kololo.

Mambo hubadilika likizo ya uzazi inapokwisha na mtoto akaanza kula. Katika nyumba yenye kipato, asubuhi ni mkate mweupe, siagi ya kopo na chai ya sukari. Mkoba wa shule una soseji, biskuti na juisi ya chupa. Jioni, baba akichelewa kwenye foleni ya Jinja Road, huja na chipsi na kuku. Wikendi sherehe ya kuzaliwa, keki na soda. Ndizi ya matooke iliyofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, pamoja na mchuzi wa njugu na dodo, imekuwa chakula cha Jumapili kwa jajja, yaani bibi. Posho, yaani ugali, nayo imekobolewa: watu wa Kampala hutaka unga namba wani, mweupe pe, ule ambao Mtanzania angeuita sembe, na dona huachiwa kuku.

Burkitt angehuzunika, ila kuna jambo moja la wanga ambalo lilimpita. Cummings huyo huyo na mwenzake Hans Englyst walionesha miaka ya 1980 kwamba sehemu ya wanga nayo hukataa kumeng'enywa na kufika kwa bakteria. Ndizi mbichi ina wanga sugu mwingi. Ikipikwa hupungua, ikipoa sehemu yake hujifunga upya. Afrika Kusini watafiti walishangaa kuona watu wanaokula ugali uliokobolewa, wenye nyuzinyuzi haba, bado ni wachache wanaopata saratani ya utumbo mpana, na mojawapo ya maelezo waliyoyatoa ni ugali uliolala. Kiporo kina wanaokisubiri.

Nimewasikia maofisa wakisema unene wa watoto si tatizo la Uganda. Wana takwimu mkononi. Utafiti ule wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 4 tu wana uzito uliozidi. Lakini huo ni wastani wa nchi, unaomchanganya mtoto wa Karamoja na wa Muyenga. Tena ni wa walio chini ya miaka mitano, kabla kantini ya shule haijawapata. Na utafiti huo huo ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 49 ana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hawakunenepa usiku mmoja.

Kuna kikwazo kingine, na anayekidharau hajaishi hapa. Kampala, kumwambia mtu "Ogezze!", umenenepa, bado ni salamu njema. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika The Lancet ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, ambao wananchi walikuwa wameshaupa jina: Slim. Ulikuwa UKIMWI. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kukonda ni mwanzo wa mwisho. Bibi aliyezika watoto wake akabaki na wajukuu hawezi kumtazama mjukuu mnono akaona ugonjwa. Anaona kwamba huyu ataishi. Muuguzi anayemkemea bibi huyo kwa bango la kalori anapoteza muda wake, na mimi nitakuwa upande wa bibi.

Antibayotiki pia zinatajwa. Katika utafiti wa watoto zaidi ya 11,000 wa eneo la Bristol, Uingereza, waliopewa dawa hizo kabla ya miezi sita walikuwa wazito kidogo katika miaka iliyofuata. Ni uhusiano tu, na tofauti ilikuwa ndogo. Kampala amoksilini hununuliwa dirishani kwa mafua, hivyo onyo linafaa. Lakini dawa hiyo hiyo, ilipotolewa pamoja na chakula cha tiba kwa watoto wa Malawi wenye utapiamlo mkali, iliokoa maisha, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Daktari akiiandika, mtoto apewe mpaka dozi iishe.

Utapiamlo na unene, kwa kweli, vinakutana tumboni. Gordon na wenzake walizifuatilia jozi 317 za mapacha wa Malawi kwa miaka mitatu ya kwanza ya maisha. Bakteria wa pacha mwenye kwashakoo, wakipandikizwa kwa panya anayelishwa chakula cha Malawi, walimkondesha panya. Bakteria hawana upande, hufuata sahani.

Ndiyo maana jibu zuri zaidi ninalolijua liko Mulago kwenyewe, tangu 1965, katika kituo cha lishe cha Mwanamugimu. Kilianzishwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu, kikawafundisha mama zao kupika kitobero: matooke au viazi, pamoja na maharage au njugu, mboga za majani, dagaa wa mukene inapowezekana, vyote vimefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hakuna aliyekuwa akifikiria bakteria. Lakini ukikitazama chungu kile kwa jicho la leo, utaona chakula cha mtoto na cha wanaokula baada yake, kwa bei ya soko la Kalerwe.

Kwa hiyo sina subira na vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei ya mkungu mzima wa ndizi. Mtindi ni kitu kingine. Yoba for Life, shirika la Uholanzi, limewasaidia wasindikaji wadogo wa Uganda kutengeneza mtindi wenye bakteria wa kufaa kwa bei ya kawaida, na watu wa Kigezi wana bushera, kinywaji chao cha mtama, tangu zamani. Vinywe kwa sababu ni vyakula vizuri. Havimkondeshi mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango mwaka 2023: nyuzinyuzi gramu 15 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 21 kwa wa miaka 6 hadi 9, gramu 25 kuanzia miaka 10. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15. Kwa kipimo hiki, mtoto wa shule ya serikali anayelalamikia posho na maharage ya kila siku amelishwa vizuri kuliko mwenzake wa shule ya mamilioni anayepewa chipsi na soseji. Hata kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage ambayo wenye nacho huicheka, inamshinda.

Mzazi wa Ntinda, Makindye au Nansana, kabla ya kulipa karo ya muhula ujao omba ratiba ya chakula. Hesabu siku za maharage na za mboga za majani. Kisha muulize mwalimu mkuu, kwa adabu na mbele ya wazazi wenzako, kwa nini kantini inauza soda saa nne asubuhi.